Chini ya Dole Gumba

Muuguzi alinisukumia mezani kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye kitufe juu na kidirisha cha sifuri nne. Nilikitambua. Walinzi wa kumbi hukishika mlangoni wanapohesabu watu wanaoingia. Nilikitazama, nikamtazama yeye, nikasubiri atoe dawa.

"Dawa ndiyo hiyo," alisema.

"Hiyo?"

"Mafuta utaendelea kupaka asubuhi na jioni, kama kawaida. Lakini wiki hii nataka kitu kimoja tu, mama. Kila mkono wako unapokwenda kwenye ngozi, kukuna, kusugua, kubandua kigaga, bonyeza. Usijizuie. Bonyeza tu."

"Nisijizuie?"

"Usijizuie."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Miaka minne nilikuwa nimezunguka na pumu hii ya ngozi, nyuma ya shingo na kwenye mikunjo ya viwiko, na kila mtaalamu aliyenipokea alikuwa na wimbo mmoja: acha kujikuna. Huyu wa sasa, kijana mwenye miwani na kalamu nne mfukoni, ananipa ruhusa. Mtu akikuruhusu jambo ulilokatazwa na wote, jiulize anawinda nini. Tena mlangoni kwake palikuwa na kibao, na kibao kiliandikwa Tiba ya Tabia. Mimi nilikuwa nimekuja na ngozi. Tabia zangu nilikuwa nimeziacha nyumbani, na hazikuwa na kasoro.

Nilikitia kidude kwenye mkoba kwa shingo upande, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Nisieleweke vibaya. Kushuku ndiyo kazi yangu, na naifanya kwa mshahara. Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha mashati meupe, mwaka wa kumi na mbili sasa. Shati likitoka kwa washonaji huja mezani kwangu. Nalishika kola kwa mkono wa kushoto, nalining'iniza mbele ya taa, na vidole vya mkono wa kulia vinaanza safari: mabega, makwapa, mishono ya ubavuni, vifungo, tundu za vifungo. Kazi hii haifanywi kwa glavu, maana glavu haijui uzi. Kidole changu kinajua. Kikikuta ncha iliyochomoza kinaikamata kabla jicho halijafika, mkasi unaikata, yameisha. Shati likifaulu natia mfukoni mwake kikaratasi kilichochapwa: Limekaguliwa na Namba 7. Saba ni mimi, ingawa kiwandani wananiita Jicho, na wanaponiita hivyo huwa wanarekebisha kwanza walichokuwa wanafanya.

Kutoka kwangu shati huenda kwa Pini. Yeye hulikunja juu ya ubao, hulibana kwa pini sita, hulivika mfuko, hulilaza kwenye katoni. Alikuwa na miezi minane kazini, binti mwembamba wa maneno machache, na kila siku alikuwa na plasta mpya kidoleni. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya ofisini. Kwetu sisi alikuwa Pini, na kwenye fomu alikuwa namba 31.

Jumatano ya wiki ile, katoni tano zilirudi kutoka kwa mnunuzi.

Msimamizi aliniita ofisini, akanitandazia mashati manane mezani, kola zimegeuzwa. Ndani ya kila kola, upande wa kushoto, palikuwa na doa la rangi ya kutu, dogo kama punje ya ufuta. Sikuhitaji kuambiwa ni nini.

"Mtu wa damu yumo humu ndani, Jicho," alisema. "Mnunuzi amesema likirudi hata moja jingine, oda yote anaihamisha. Mimi sitaki kupoteza oda kwa kidole cha mtu. Chunguza. Ijumaa ya wiki ijayo nipe namba yake kwenye fomu hii. Siku hiyohiyo anaondoka."

"Bila onyo?"

"Onyo la damu linaandikwaje?"

Nilirudi mezani na fomu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Shati lilitoka kwangu safi. Mimi ndiye niliyelipitisha. Baada yangu anayeligusa ni mmoja, na huyo mmoja anashika pini kutwa. Isitoshe, nilikuwa nimemwona akinitazama. Nikiinua macho ghafla namkuta ameniangalia, kisha anageukia ubao wake haraka kama mtu aliyefumaniwa. Mwenye moyo safi haogopi kuangaliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikaandika 31 kwenye fomu kwa penseli, ili nije kuikoleza kwa wino nikishapata ushahidi. Mimi si mtu wa kuonea.

*

Muuguzi alikuwa ameagiza pia kwamba mtu wa nyumbani ahesabu kando, kwa siku moja, bila kunisemesha. Nilimwambia mume wangu nikitumaini atakataa. Yeye ni fundi bomba, mtu wa kutafuta mahali maji yanapovujia, na kwa bahati mbaya kazi hiyo ilimpendeza.

Jumapili tulishinda nyumbani. Nilichambua mchele, nikapiga pasi, nikamsikiliza dada yangu kwenye simu kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Kidude kilikuwa kwenye pindo la kanga, na kila nilipojikuna nilibonyeza kwa uaminifu. Jua lilipotua nilimwonyesha kidirisha.

"Tisa," nilisema. "Kutwa nzima. Huyo muuguzi wako atafute wagonjwa wengine."

Mume wangu alileta kalenda ya ukutani. Nyuma ya karatasi ya mwezi uliopita alikuwa amechora vijiti kwa penseli yake ya kazini, vitanovitano, vimefungwa kama kuni.

"Sitini na moja," alisema.

"Sitini na moja nini?"

"Na wakati ukiongea na shemeji nilipoteza hesabu mara mbili."

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki. "Umepanga na yule muuguzi," nilisema. "Mmekula njama. Mnataka nionekane sina akili timamu."

"Mke wangu, mimi huyo muuguzi simjui hata kwa sura. Nimeketi hapa kwenye kiti nimekuangalia. Ukichambua mchele, mkono mmoja uko kwenye sinia, mwingine uko shingoni. Nyani haoni..."

"Malizia uone."

Aliikunja kalenda, akaenda kuitundika. Lakini usemi usiomaliziwa hukaa nyumbani kama mgeni asiyeaga, na nilipokuwa naondoa mchele uliobaki kwenye sinia, nilikuta kucha yangu ina wekundu pembeni. Niliosha mikono. Nilijiambia ni rangi ya ukindu wa kipepeo cha kuchochea jiko.

*

Jumatatu nilimpelekea muuguzi hesabu zote mbili. Nilitaka kumwona akibabaika. Hakubabaika, aliziandika sambamba, tisa na sitini na moja, kama mtu anayeandika urefu na upana.

"Kwa hiyo hamsini na mbili hukuzijua," alisema.

"Au mume wangu amezibuni."

"Inawezekana." Alinikubalia upesi, kalamu bado mkononi. "Na kazini umehesabu ngapi?"

"Kazini sijikuni. Kazini nina kazi."

"Hebu nieleze hiyo kazi. Mikono inafanya nini?"

Nilimweleza kwa fahari. Sijawahi kuchoka kuieleza. Kola mkono wa kushoto, vidole vya kulia vinatembea, vinatafuta.

"Vikikuta ncha ya uzi?"

"Vinaing'oa. Au mkasi."

"Hata kama hukuwa unafikiria uzi?"

"Hasa nikiwa sifikirii. Ukifikiria unachelewa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Aliniacha nisikie nilichosema, na sikupenda nilichosikia. Halafu alisema taratibu, "Ngozi yenye pumu ni ngozi yenye ncha nyingi, mama. Vidole vyako havina ubaya. Vimefundishwa vizuri mno."

Kisha akanifundisha kitu kama cha watoto wa chekechea. Mkono ukianza kupanda, au mwasho ukianza kuita, unakunja ngumi zote mbili na kuhesabu hadi thelathini. Mwasho ukibaki, unakandamiza kucha mahali pale bila kukwaruza, mpaka upoe. "Mkono hauwezi kuambiwa acha," alisema. "Mkono unapewa kazi nyingine."

"Na hii inatibu ngozi?"

"Hii inaipa ngozi nafasi. Mafuta yanapakwa asubuhi, kucha zinafuta mchana. Nani atashinda?"

Niliondoka nimekasirika. Ghadhabu yangu ilikuwa ya mtu aliyeambiwa jambo la busara na mtu aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini.

*

Jumanne na Jumatano nilimvizia Pini. Sikuona damu ubaoni kwake. Niliona hata hivyo kwamba mara tatu kwa siku anachukua shati moja au mawili, anayaweka kwapani, anakwenda chooni. Mtu anapeleka shati la mnunuzi chooni kufanya nini? Alhamisi saa nne na nusu nilimfuata.

Alikuwa ameinama kwenye sinki. Bomba linatiririka kidogo, shati limegeuzwa kola, na yeye anatema mate kwenye kitambaa na kusugua kwa ncha ya kidole, akitema na kusugua.

"Nimekupata," nilisema.

Aliruka. Shati lilimponyoka, likaning'inia kwenye ukingo wa sinki. Nililichukua. Doa lilikuwa palepale, ndani ya kola, upande wa kushoto.

"Dada, shikamoo," alisema.

"Marahaba ya nini? Unaficha damu yako kwa mate?"

Kwa wasiojua, hili ni jambo la kila chumba cha cherehani. Sindano ikimchoma fundi na tone likaangukia nguo, hakimbilii sabuni. Anatema mate juu ya doa. Tumefundishwa hivyo na waliotufundisha: damu huondolewa na mate ya mwenye damu. Ya jirani hayafui dafu. Kama ni kweli au ni imani ya mafundi, sijui, lakini sijamwona fundi akijaribu njia nyingine kwanza.

Pini alifuta mikono kwenye aproni. "Nimejaribu mate yangu, dada," alisema. "Tangu nilipofika hapa najaribu. Hayatoi. Natumia maji baridi na chumvi, ndiyo inatoka kidogo. Mengine yananipita, yanaingia kwenye katoni."

"Hayatoi kwa sababu doa limekauka."

"Mengine yanafika kwangu mabichi."

Bomba liliendelea kutiririka. Alinyoosha mkono akalifunga. Hakunitazama usoni. Alitazama chini kidogo, penye ukingo wa kitambaa changu cha kichwa, pale kinapokutana na shingo. Halafu akaona kuwa nimeona, akageuza macho upesi, kama alivyozoea kuyageuza kwa miezi minane.

"Kwa nini hukusema?" niliuliza.

"Ningemwambia nani, dada? Anayepokea makosa ni wewe."

Ningependa kusema kwamba nilimwomba msamaha hapohapo. Nilimwambia arudi kazini na aache kuchezea mali ya watu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama kwa kufoka. Nilirudi mezani nikiwa na hoja tele kichwani. Binti anajua fomu ipo. Binti anajua namba yake ipo hatarini. Nani asiyejua kutunga hadithi akibanwa? Na macho yale ya upole, huenda ndiyo mtego wenyewe. Nilichukua kalamu ya wino, nikaitoa fomu kwenye droo ya juu, nikaikoleza ile 31.

Kisha nikachukua kidude, kwa kisirani zaidi kuliko kwa utii, nikakiweka juu ya meza kando ya mkasi. Nilitaka kupata sifuri. Nilitaka kumpelekea muuguzi sifuri ya kazini, na Pini sifuri, na fundi bomba wa nyumbani kwangu sifuri yake pia.

Shati la kwanza. Mabega, makwapa, ubavu. Safi. Mkono wa kulia ukachukua kikaratasi na kukitia mfukoni.

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, nilimkagua mkaguzi. Mkono wa kulia ulipokuwa unatia kikaratasi, mkono wa kushoto haukuwa na kazi. Uliliachia shati, ukapanda. Ulipanda bila haraka, kama mtu anayekwenda chumba chake mwenyewe, ukainua ukingo wa kitambaa, ukakuta ncha ya kigaga, ukaing'oa, ukarudi. Ulirudi moja kwa moja kwenye kola ya shati lililofuata. Dole gumba likatua ndani ya kola, upande wa kushoto, likakandamiza, na jicho langu maarufu likaanza kazi kwenye mabega.

Sikuhisi maumivu. Sikuhisi hata mwasho. Kama nisingekuwa nimetazama, ningeapa mbele ya yeyote kwamba mkono ule haukuondoka mezani.

Nilibonyeza. Moja.

Niliendelea kukagua, maana nilitaka ushahidi, na ushahidi haukatwi njiani. Shati la pili, la tatu, la nne. Mwisho wa kila shati mkono ulipanda. Kufikia kengele ya chakula kidirisha kilisoma arobaini na tatu. Wenzangu walitoka. Nilibaki nimeketi, nikigeuza moja moja kola za mashati ya asubuhi ile, yaliyokuwa bado yanamsubiri Pini. Mengi yalikuwa masafi. Kwenye la kumi na tisa nililiona doa: bichi, jekundu, dogo kama punje ya ufuta. Nilikagua kila sehemu ya shati lile kabla ya kulipitisha, isipokuwa ile iliyokuwa chini ya dole gumba langu.

Niliona haya. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, ingawa chumba kilikuwa kitupu na mashine zimezimwa. Nilifikiria miezi minane ya chumvi na maji baridi. Nilifikiria vile plasta zilivyonifanya niwe na uhakika. Nilifikiria pia, na hili silifichi, kwamba chumba ni kitupu, wino umekauka kwenye fomu, na mkaguzi wa miaka kumi na miwili mwenye damu mikononi ataajiriwa na nani?

Nililamba ncha ya kidole, nikatema kidogo, nikagusa doa.

Lilianza kutoka papo hapo. Lilififia kutoka nyekundu hadi waridi, likalegea kwenye nyuzi, kana kwamba lilikuwa linasubiri kuitwa na mwenyewe. Sikuhitaji kusugua. Mara mbili zaidi na kola ingekuwa nyeupe kama ilivyotoka kwa mshonaji, na isingekuwapo duniani namna ya kumthibitishia mtu yeyote chochote. Najua mtu atasema ni kwa sababu lilikuwa bichi. Mimi mwenyewe nilijaribu kujiambia hivyo. Nilikuwa nimebakiza nusu ya doa.

Niliacha hapohapo.

Nilichana fomu vipande vinne, nikachukua nyingine tupu. Penye mstari wa namba ya mhusika sikuandika kitu. Nilichukua kikaratasi kimoja cha mfukoni, kile kilichochapwa, nikakibana hapo kwa pini niliyoiokota ubaoni kwa Pini. Ilinichoma kidogo. Nilipanguza kidole kwenye aproni yangu, si kwenye kitu cha mtu.

Shati na fomu nilivipeleka ofisini na kuviweka juu ya meza ya msimamizi, kola imegeuzwa, nusu doa ikitazama juu. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajarudi kutoka kula. Niliporudi, Pini alikuwa ameshaketi ubaoni pake, ametangulia wenzake kama kawaida yake. Aliona meza yangu haina fomu, akaona vipande vinne kwenye pipa. Akaokota pini moja, akairudisha chini, akaiokota tena.

"Dada," alisema, "umekula?"

"Bado."

Alisukuma kwangu nusu ya mkate wake uliofungwa kwenye karatasi, bila kugeuza macho safari hii. Sikuweza kuugusa. Nyuma ya shingo palianza kuita, si kidogo. Paliita kama mlango unaogongwa na watu wanne. Mkono wa kushoto ulishaondoka mezani. Niliuona ukiwa umefika begani.

Nilikunja ngumi zote mbili, nikaziweka juu ya meza mbele ya binti yule, nikaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Hakuuliza kama naomba dua au nimepatwa na nini. Nilisikia naye midomo yake ikihesabu pamoja nami.

Tulikuwa tumefika kumi na nane mlango wa ofisi ulipofunguliwa na msimamizi akaita, "Saba!"

Kumi na tisa, tulisema. Ishirini.